Dada aliyesema "niko poa": kisa cha ajali ya bodaboda mtaani kwetu

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wenzangu tunaojitolea huduma ya kwanza mitaani, hasa nyie mnaoanza. Mi mwenyewe nilikuwepo na makosa mengi humu ndani ni ya kwangu. Mtaa sitautaja, majina hamna, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili wahusika wasijulikane, ila mtiririko wa mambo ni ule ule.

Mazingira

Ni mtaa wa pembezoni mwa Dar, pale barabara ya vumbi inapotokea kwenye lami. Kwenye hiyo njia panda kuna kijiwe cha bodaboda, banda la mama ntilie, duka la vifaa vya ujenzi na genge la mboga. Mliokaa maeneo kama hayo mnanielewa, zile kirikuu za mizigo zinarudi rivasi toka dukani bila mtu wa kuziongoza, boda zinakatiza kila upande, na ikidondoka mvua kidogo tu basi pale vumbi linapokutana na lami panakuwa na tope linateleza kama sabuni.

Mafunzo niliyapata kupitia Msalaba Mwekundu, siku chache tu, tulikuwa kumi na kitu toka kata yetu. Wanaoendelea kupokea simu mpaka leo ni wanne na wote wanne ni wanaume, hilo la wanaume nitalirudia huko mbele. Kazi yenyewe haina mshahara wala posho, watu wanakuita "daktari" kwa utani alafu usiku wa manane wanakugongea mlango mtoto kameza shilingi. Nina begi langu, begi la shule la mdogo wangu lililochoka zipu, ndani kuna glavu, gozi, bandeji, mkasi, maka peni na tochi. Siku ya tukio begi lilikuwa nyumbani limening'inia kwenye msumari, mi nilikuwa nimetoka kununua mkaa.

Kuhusu hospitali, zahanati ya mtaa jioni inafungwa. Kituo cha afya ni kama nusu saa kwa bajaji, na hospitali ya wilaya iko mbele zaidi. Namba za dharura tunazo kichwani, 112 ya polisi, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na 115 ambayo watu wengi wanadhani ni ambulensi ya kila mtu kumbe siku hizi ndo ya m-mama, yani usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Majeruhi wa boda kwa kwetu anasafiri kwa bajaji, ndo uhalisia.

Ilivyokuwa

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni kasoro dakika kumi hivi, manyunyu yameshapita. Boda imembeba dada mmoja inatoka upande wa vumbi, kirikuu inarudi rivasi toka dukani, dereva wa boda akakata kona kuikwepa, tairi ya nyuma ikamponyoka kwenye tope. Boda ikaenda chini na yeye, mguu ukabaki katikati ya chuma na ukingo wa lami. Dada akarushwa mpaka kwenye mtaro.

Mi nilikuwa hatua kama thelathini, nilisikia mlio na nikaona vumbi, kuanguka kwenyewe sikukuona. Hilo mlishike.

Nilipofika dereva alikuwa anapiga kelele, helmeti bado iko kichwani, na mguu wa kushoto chini ya goti umechanika vibaya, damu inatoka kwa kuruka ruka. Watu wameshajaa. Wawili wamemshika makwapani wanataka kumkalisha, mmoja anavuta helmeti, mzee mmoja anakuja mbio na majani ya chai kwenye kiganja ya kuweka kwenye kidonda, na vijana kama sita wa kijiweni wameshamfungulia mlango dereva wa kirikuu wanamshusha. Simu za kurekodi kama kawaida ziko juu, sijui huwa wanazirekodi wamuoneshe nani.

Pembeni yule dada anatoka mtaroni mwenyewe. Anajipangusa sketi, kiatu kimoja hana, anauliza simu yake iko wapi. Helmeti hakuwa nayo, ile ya abiria ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani kama pambo. Nikamuuliza kwa sauti, "Dada, uko poa?" Akajibu, "Niko poa, mwangalieni huyo kaka." Nikasema haya, kaa pale kwa mama. Akaenda akakaa kwenye benchi la mama ntilie, na kwa upande wangu ikawa imeisha. Hazikufika sekunde tano.

Nikarudi kwa dereva. Nikawaambia wale wawili mlazeni hivyo hivyo alivyo na helmeti iachwe, anapumua na anaongea. Mama ntilie akanirushia khanga, na nikaomba mfuko wa mkate wa kuvaa mkononi. Kwa ambao mlifundishwa zamani kuvaa mfuko wa rambo kama huna glavu, ile mifuko ilipigwa marufuku toka Juni 2019, usipoteze muda kuitafuta, ila mfuko wa mkate kwa mama ntilie haukosekani. Nikakunja khanga nene nikakandamiza pale pale damu inapotokea, kwa uzito wa mwili sio kwa vidole. Ilipungua ila haikukata, na kila nilipohama goti kidogo ikaruka tena. Khanga ya kwanza ikalowa yote.

Hapo nikaamua kufunga mguu juu ya jeraha. Khanga ya pili nikaikunja iwe pana kama vidole vitatu, nikazungusha pajani juu ya goti, fundo, nikapachika mwiko wa ugali wa mama ntilie katikati nikauzungusha mpaka damu ikakata kabisa. Jamaa alipiga ukelele ambao mpaka leo naukumbuka. Mwiko nikaufunga usirudi nyuma. Binti mmoja akatoa wanja kwenye pochi yake na mi nikamwandikia dereva saa kwenye paji la uso chini ya helmeti: 12:05.

Saa kumi na mbili na robo bajaji ikaondoka, dereva amelala kwenye siti ya nyuma miguu iko nje nje, mi nimechuchumaa sakafuni nashikilia mwiko. Kwenye benchi sikuangalia tena.

Yaliyotokea kwenye benchi niliyapata baadae toka kwa mama ntilie. Dada alipewa soda apate nguvu. Akasema kichwa kinamgonga, mtu akamnunulia dawa ya maumivu dukani. Akauliza simu yake iko wapi, wakamwambia anayo mkononi, baada ya dakika mbili tatu akauliza tena, watu wakacheka wakasema kachanganyikiwa na mshtuko. Giza lilipoingia akasema anasikia usingizi. Mama, kwa wema kabisa, akamtandikia mkeka ndani, "mwacheni apumzike mtoto wa watu."

Saa moja na robo simu yangu ikaita, mi niko kituo cha afya. Ni mwenyekiti wa kijiwe, anasema yule dada katapika mara mbili na wakimwamsha anafumbua macho anafumba. Nikahisi tumbo limeshuka. Nikamwambia mlazeni kwa ubavu mdomo uelekee chini kidogo, shingo isipindwe pindwe, msimpe hata tone la maji, tafuteni gari sio bajaji mpitilize moja kwa moja hospitali ya wilaya, huku kituo cha afya msije. Gari ya jirani ilipatikana lakini ufunguo alikuwa nao mtu yuko kwenye mpira. Walifika hospitali saa mbili na dakika kama ishirini.

Maamuzi niliyofanya na kwa nini

Helmeti kuiacha. Helmeti inavuliwa kama inazuia pumzi au mtu anatapika ndani yake, na hapo inavuliwa na watu wawili, mmoja anashika shingo toka chini mwingine anavuta taratibu. Huyu alikuwa anatukana vizuri tu, maana yake njia ya hewa iko wazi.

Kufunga mguu. Wengi tulifundishwa kuogopa hii kitu, eti ukifunga tu mguu unakatwa. Mtu mzima ana damu kama lita tano, na damu inayoruka toka mguuni inaweza kummaliza kwa dakika chache, mguu uliofungwa vizuri kwa chini ya saa mbili mara nyingi unapona. Mpangilio wangu ulikuwa kukandamiza kwanza, haikutosha, ndo nikafunga. Kifungo kinatakiwa kiwe kipana (kamba nyembamba inakata nyama), kisikae juu ya kiungo, na kikishakaza hakilegezwi mpaka hospitali. Wale mnaolegeza legeza "damu ipite kidogo" mnampotezea mtu damu mara ya pili.

Kutosubiri gari la wagonjwa. Sikulijadili hata.

Vijana wa kijiweni. Wale sita walikuwa wameshaanza kumpiga dereva wa kirikuu, na kama angeumizwa ningekuwa na majeruhi watatu. Kuwakemea ningepoteza muda. Nilimwita mwenyekiti wa kijiwe nikamwambia mwanao anakufa hapa, nataka watu wa kazi: wewe zuia magari huku, wewe zuia kule, wewe bajaji, wewe nimulikie simu hapa kwenye mguu, wewe kaa na huyu wa kirikuu asiguswe wala asikimbie. Hasira zikapata kazi ya kufanya.

Mimi kupanda bajaji. Hapa ndo pagumu. Niliona kifungo kimefungwa kwa mwiko na khanga, kikifunguka njiani jamaa anakwisha, na hakuna mwingine anayekijua. Mpaka leo naona ilikuwa sawa kwenda. Kilichokosekana ni kukabidhi eneo. Niliondoka bila kumwambia mtu yeyote "huyu dada ni wako, ukiona hiki na hiki nipigie." Mwenzetu mwingine wa huduma ya kwanza anakaa mitaa mitatu toka pale, simu moja tu ingemleta, sikuipiga.

Na dada? Huko sikuamua kitu. Niliuliza, akajibu, nikapita.

Mapokezi ya kituo cha afya

Hiki kipande nakitenga kwa sababu wengi mtakutana nacho. Tulifika saa moja kasoro robo. Dirishani wa kwanza kutupokea akauliza PF3 iko wapi. Majeruhi wa dharura anahudumiwa kwanza, fomu ya polisi inafuata, lakini kubishana kwa sauti pale dirishani hakukunisaidia, kilichosaidia ni kijana mwenzie dereva aliyepanda boda dakika ile ile kwenda polisi kuifuata, na muuguzi aliyepita akaona damu kwenye magoti yangu akatuita ndani.

Sasa yule muuguzi akasoma paji la uso. 12:05. Akashtuka, "Huu mguu umefungwa toka saa sita mchana?" Maana wao mafaili yao wanaandika kwa saa za kizungu, 12:05 ni adhuhuri. Mi nilikuwa nimeandika saa yetu, saa kumi na mbili na dakika tano. Mguu wa dakika arobaini na mguu wa karibu saa saba havitibiwi sawa hata kidogo. Tulielewana haraka kwa kuwa nilikuwepo. Ningekuwa nimemtuma peke yake na dereva wa bajaji sijui ingekuwaje. Toka siku hiyo naandika 18:05, au naandika neno JIONI kabisa.

Matokeo

Dereva alishonwa, mfupa mdogo ulikuwa umepasuka, mguu anao. Alikaa na magongo miezi, saivi amerudi kijiweni.

Dada alipewa rufaa usiku ule ule toka hospitali ya wilaya kwenda hospitali kubwa, wakapiga siti skani (CT scan) ya kichwa, wakakuta damu imejikusanya ndani ya fuvu upande wa kulia, akafanyiwa upasuaji kabla ya alfajiri. Alipona. Ila mkono wa kushoto ni mzito mpaka leo, vifungo vya nguo vinamsumbua, kichwa kinauma akisoma, na ile Jumamosi nzima haikumbuki, hata kwamba alipanda boda.

Kaka yake alinitafuta. Hakuja kwa shukrani na sikutegemea. Aliuliza swali moja tu, "Kwa nini bajaji moja haikubeba watu wawili?" Nilimweleza ukweli, kwamba sikumpima mdogo wake kabisa. Alikaa kimya muda mrefu kisha akaondoka. Baadae kabisa nilienda kumuona dada mwenyewe, na mdomo kwa mazoea ukatoa, "Vipi, uko poa?" Akanitazama. Akasema, "Hilo swali tena?"

Na mimi nilikuwa na mchubuko kwenye kidole gumba ambao niliuona nikiwa nanawa. Mfuko wa mkate ulikuwa umepasuka. Kesho yake asubuhi nikaenda kliniki, nikapimwa, nikapewa dawa za kinga ya virusi vya Ukimwi baada ya kuguswa na damu ya mtu. Zile zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, mapema ndo bora, na zinamezwa siku 28. Nilizimeza zote na kichefuchefu juu. Majibu ya baadae yalikuwa salama. Naweka hapa kwa sababu najua wenzangu wanaona aibu kwenda, wanasema aah mchubuko tu.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mtaa wenyewe. Hamna kifaa hata kimoja cha kitaalamu kilichotumika pale. Mkufunzi wetu alipenda kutusimulia kwamba Msalaba Mwekundu wenyewe chanzo chake ni watu wa kawaida, ile vita ya Solferino mwaka 1859, Henry Dunant alikuwa mfanyabiashara anapita tu na safari zake, na akina mama wa mji wa jirani ndo waliosaidia majeruhi wa pande zote kwa vitambaa na maji. Tulikuwa tunasinzia akielezea. Siku ile khanga mbili, mwiko, wanja na mfuko wa mkate vilipotoka vyote ndani ya dakika kumi, nilimkumbuka.

Kugawa kazi kwa kumuonesha mtu kidole nako kulifanya kazi. Ukisema "jamani mtu alete bajaji" kila mmoja anamwangalia mwenzie. Ukisema "wewe wa tisheti nyekundu, bajaji" anakimbia.

Uchambuzi: kilichofeli, na hapa nitakaa

La kwanza ni kelele. Dereva alikuwa na damu na ukelele, macho ya watu wote yalienda kwake na yangu yakafuata. Mafunzoni tuliambiwa kabisa ukifika kwenye ajali zunguka kwanza, hesabu watu, na anza na aliye kimya maana anayepiga kelele anapumua. Nilikuwa naijua hiyo sentensi na niliifaulu kwenye mtihani. Ila dada hakuwa "kimya" wa kwenye kitabu, yani hajazimia, alikuwa anatembea na kuongea, kwa hiyo kichwani kwangu nikamweka kundi la wazima.

Na hapo ndo jeraha lenyewe lilipojificha. Pembeni ya kichwa juu ya sikio mfupa ni mwembamba na kuna mshipa wa damu unapita kwa ndani. Ukipigwa pale mfupa ukapasuka kidogo, mshipa unachanika, damu inaanza kujikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo, taratibu. Mtu anaamka, anatafuta kiatu, anakujibu. Kile kipindi cha uzima kinaweza kuwa dakika, kinaweza kuwa masaa, alafu damu ikishabana ubongo anaanza kushuka: kichwa, kurudia maswali, kutapika, usingizi usioamshika, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, degedege. Yeye alipitia nyingi kati ya hizo, mbele ya watu, kwenye benchi, na kila moja ilipewa maelezo ya kawaida. Kurudia swali, mshtuko. Usingizi, uchovu. Mama ntilie simlaumu hata chembe, alifanya yote ambayo mtu mwema anafanya. Hakuna aliyemwambia.

La pili ndo nililofikiria muda mrefu zaidi, nalo ni swali lenyewe. Sisi Waswahili tumelelewa kwenye salamu ambazo jibu linakuja ndani ya swali. Hujambo? Sijambo. Habari za asubuhi? Nzuri. Mtu ana homa ya malaria anatetemeka chini ya blanketi, ukimuuliza habari atakwambia nzuri kwanza, ndo aje aseme "ila naumwa kidogo". Bibi yangu akiwa kitandani hawezi kugeuka alikuwa anaitika "sijambo" kwa sauti ya kupendeza. Mgonjwa nyumbani mwetu ni "hajambo kidogo." Sasa we unamuuliza mtu aliyetoka kurushwa mtaroni "uko poa?" unategemea nini? Jibu liko tayari mdomoni, halipiti hata kwenye ubongo. Na ukichanganya na adabu, mdada mbele ya umati, kuna kaka anavuja damu, kusema "na mimi naumwa" inaonekana ubinafsi. "Mwangalieni huyo kaka," ni adabu hiyo. Nikaisikia adabu nikadhani ni afya.

Kwa hiyo saivi sisi wanne tumekatazana kabisa kuuliza uko poa, uko sawa, vipi, yote hayo. Tunauliza kitu ambacho jibu lake halijakaririwa. Umeangukia upande gani? Ulikuwa unatoka wapi kwenda wapi? Leo siku gani? Nioneshe hapa panapouma kwa mkono. Na tunarudia baada ya dakika kumi, maswali yale yale, tusikie kama majibu yanabadilika. Ningemuuliza dada ulikuwa unaenda wapi, nina uhakika angekwama.

La tatu, mikono. Dada alivaa mtandio, na chini ya mtandio juu ya sikio la kulia kulikuwa na nundu ambayo waliikuta hospitali. Hata kama ningeenda kumpima, nakiri hapa, sidhani kama ningemvua mtandio mwanamke nisiyemjua mbele ya watu mia na simu zao. Ningemwangalia kwa macho tu. Mtu atasema dharura ni dharura, sawa, ila pale barabarani mkono unasita na hata mgonjwa mwenyewe anakuzuia. Kikosi cha wanaume wanne kina sehemu za mwili za nusu ya mtaa ambazo hakizifikii, na hili halikuwa bahati mbaya, mafunzo yaliwekwa saa ambazo akina mama wako sokoni au jikoni, wakashindwa kuja, tukasema hawana mwamko.

La nne, soda na dawa ya maumivu. Mtu aliyepigwa kichwa hapewi cha kula wala kunywa, anaweza kutapika akapaliwa, na kama atahitaji upasuaji tumbo likiwa na vitu ni tatizo. Dawa aliyopewa sijawahi kuijua kwa jina ila zile za aina ya diklofenaki na aspirini zinaweza kuongeza kuvuja damu. Hili lingezuiwa na sentensi moja toka kwangu nikiwa napanda bajaji.

Swali la kaka yake, bajaji moja watu wawili, nimelipima sana. Ingewezekana, dada angekaa mbele pembeni ya dereva kwa kubanana? Hapana, mtu wa kichwa hakai pale. Jibu la haki ni kwamba angetakiwa aondoke na chombo chake, dakika zile zile, na angefika kituo cha afya saa moja kasoro, wangemgeuzia hospitali ya wilaya akiwa bado anaongea. Tungeokoa zaidi ya saa nzima. Je mkono ungekuwa mzima? Daktari sikumuuliza, na nadhani sikumuuliza makusudi.

Tulivyobadilisha

Begi halikai tena kwangu, linakaa bandani kwa mama ntilie, kwa sababu yeye yuko pale toka saa kumi na moja alfajiri mpaka usiku na mi siko. Tulimtafutia mafunzo, na tukaomba yawe saa nane mchana, baada ya wateja wa chakula kupungua. Walikuja yeye, muuza genge na mabinti wawili wa saluni. Sehemu ya kufunga mguu aliwashinda wote, alisema kusonga ugali wa watu themanini sio mchezo.

Vijana wa kijiweni wamekubali kitu kimoja tu, boda ikianguka na abiria, abiria naye anaenda kupimwa hata kama anatembea, na nauli inatoka kwenye mfuko wao wa kijiwe. Helmeti ya abiria bado ni vita, wadada wanasema inanuka na inaharibu nywele, na ukweli inanuka. Mmoja ameanza kuweka vikofia vya kitambaa vya kuvaa ndani, anavifua kila jioni, tunamwangalia kama atadumu.

Khanga doti moja nilimrudishia mama. Mwiko uliingia na dereva chumba cha kushonea na haujaonekana tena, na mama kila akiniona anaudai.